Nguo Inataka Pa Kwenda

Vijana wanaoshona huja kunisalimia hapa nyumbani, hasa Jumapili. Wakishanipa shikamoo na kumaliza chai yangu yote, swali lao ni lile lile: "Bibi Zuhura, mbunifu aende maonyesho gani? Aone nini ili apate mawazo?" Kisha wanatoa simu waandike. Mimi huwauliza kwanza, nyie mnakwenda na nani huko? Wananitolea macho. "Peke yetu, bibi." Hapo sasa ndipo ninapoanza kuwasimulia habari za mama yangu, na chai nyingine inabidi ibandikwe. Leo nimeamua kuiandika, maana sauti inachoka na wageni hawaishi.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Nimeshona nguo za wanawake tangu nchi ikiwa na foleni ya kila kitu. Siku hizi wananiita mbunifu wa mavazi, jina zuri, sikatai. Zamani tuliitwa mafundi, na ukichelewesha gauni la Idi uliitwa mwizi.

Enzi za foleni nyie hamkuziona, na mshukuru. Kitambaa kikija duka la kaya, lile la mgao, kilikuja cha aina moja, basi mtaa mzima tunavaa maua yale yale. Mnavyohangaika leo kupanga sare za harusi! Sisi tulikuwa sare bila kupanga. Bibi harusi, somo wake anayemfunda na muuza maandazi wa kona, wote maua ya kahawia. Ubunifu wangu wote ulikuwa kwenye mikono na shingo, kwa sababu kitambaa sikukichagua mimi.

Aliyenifundisha kukata ni Mama Kanta, Mhindi wa Upanga, mjane, mwanamke mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi wa cherehani. Alizaliwa Kisutu. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa, na maneno yake makali pia ya hapa hapa. Alikuwa akikukuta umekata kitambaa bila kukilaza vizuri anakwambia, "Zuhura, hicho kitambaa kimekukosea nini?" Nilimwogopa na nilimpenda.

Siku moja nilimshonea msichana wa Gerezani gauni la harusi. La kubana, refu, limeshuka mpaka chini, ukilitazama kwenye mwanasesere wa dukani unasema mashallah. Ikafika siku ya kupambwa, bibi harusi akapandishwa jukwaani, akaambiwa akae. Hakukaa. Hakuweza! Walimkunja huku, wakamkunja kule, wapi. Ikabidi aegemezwe kwenye kiti chake kama ubao wa kupigia pasi, somo akamshika mabega asiteleze, wageni wakapanda kumtunza hivyo hivyo. Mimi nilijificha jikoni na wapishi, nikajitia kumenya vitunguu ili machozi yangu yawe na sababu.

Kesho yake nilimweleza Mama Kanta. Hakunigombeza, ndiyo ikaniuma zaidi. Aliniuliza, "Wewe umewahi kumtazama mtu akikaa?"

"Kila siku nawaona watu wamekaa."

"Waliokwisha kukaa. Nimekuuliza anapokaa. Anashika nini kwanza, goti au kiti? Nguo inapanda mpaka wapi? Hujui. Basi kesho hushoni. Kesho tunatembea."

Tukaanza matembezi. Mara nyingine tulikaa tu kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, tukiwatazama wanaotoka Kariakoo kwenda Posta na wanaotoka Posta kuja Kariakoo. Mara nyingine aliniingiza jumba la makumbusho, kule upande wa bustani ya mimea, tukatazama masanamu na vyungu na nguo za magome. Alinipeleka kwa wachongaji wa Kimakonde nikaona kanga iliyochongwa kwenye mpingo, imejifunga kiunoni bila pini wala mshono, na inaonekana kabisa haitaanguka. Nilirudi nikabadilisha namna yangu ya kukata sketi. Mnaniuliza mawazo hutoka wapi, huwa yanatoka huko. Onyesho la mavazi nendeni mara moja moja tu. Mbunifu akitoka kwenye onyesho la mavazi anarudi na gauni la mwenzake kichwani, analishona wiki ijayo, anasema kaota.

Sasa nije kwa mama.

Baba yangu, Mzee Salehe, alikuwa karani bandarini. Cheo kidogo, lakini mtu wa watu. Msiba wowote Kariakoo, Gerezani, Ilala, yeye yupo: kachimba kaburi, kabeba maji, kahangaikia turubai. Alipougua na kufariki, mji ulijaa kwetu. Mama akaingia eda, kama ilivyo kwetu, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila wanja wala hina wala manukato.

Mama yangu! Hamumjui, ngoja niwaambie. Bi Mwanaidi alikuwa mwanamke wa kujipamba hasa. Ujanani alichezea kikundi cha ngoma ya lelemama, na mpaka uzee wake alijua kuingia mahali watu wakageuka. Mimi nimekuwa mshonaji kwa sababu yake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa kwenye jamvi kumwangalia akichagua doti ya kanga ya kutokea, anaipima hii, anaitupa ile, mpaka baba anapiga kelele nje kwamba shughuli itaisha.

Eda ilipokwisha, wanawake wa ukoo walikuja kumwogesha na kumvisha nguo mpya. Hiyo nguo mpya niliishona mimi. Na bahati iliyoje, ndiyo kwanza milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa. Enzi za ruksa hizo! Madukani vitambaa vilianza kumiminika, lesi, hariri, vitenge vya nje vyenye rangi ambazo hatukuwa na majina yake. Nilimchagulia kitambaa cha zambarau iliyoiva. Alivaa, akageuka mara moja, vigelegele vikapigwa. Jioni aliivua, akaikunja, akaiweka sandukuni na kijiti cha udi. Akajifunga kanga yake ya zamani akakaa kitandani.

Nikasema, rangi imemshtua. Nikamshonea nyingine ya kijani kilichopoa. Akanishukuru, akaijaribu, akaikunja. Nikashona ya kitenge, nikashona ya lesi. Kila moja ilipokewa kwa dua na kuzikwa sandukuni. Nje alikuwa hatoki. Harusi za jirani hakwenda. Sokoni alinituma mimi. Hata barazani alikoma kukaa, akawa ananiongelesha kutoka ndani. Nchi ilifunguliwa, mama yangu akajifunga. Mwaka ulipita hivyo, na alianza kukonda, na akawa anasahau kula nisipokuwapo. Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Niliogopa kwamba nitamzika kabla sijajua anaumwa nini.

Idi ilipofika nikasema leo hapana, leo kwa namna yoyote tutatoka. Kulikuwa na shamrashamra Mnazi Mmoja, ngoma, watoto, mabembea. Nikambembeleza, nikamlilia, mwisho akakubali. Akavaa ile zambarau, buibui juu. Nilifurahi, wanangu, nikamshika mkono kama mimi ndiye mama.

Hatukufika mbali. Kabla hata ya kona ya kwanza, mama mmoja alitusimamisha. "Mama Zuhura! Jamani, mimi nilikuwa Tanga, nimesikia juzi tu. Pole sana. Ilikuwaje?" Sasa nyie wa siku hizi mnajibu pole kwa nusu neno na mnapita. Pole ya msiba kwetu haikuwa hivyo. Mtu aliyekuwa hajakupa pole, hata mwaka ukipita, lazima asimame akupe, na wewe lazima usimame umweleze: ugonjwa ulianza vipi, tulimpeleka hospitali gani, saa ngapi, alisema nini mwisho. Ukimkatisha umemdharau yeye na marehemu. Mama akasimama, akaeleza, wakalia wote wawili. Tukaenda kidogo, mzee mmoja rafiki wa bandarini. "Shemeji, pole, nilikuwa Mtwara." Mama akaanza upya. Tukafika Mtaa wa Uhuru, fundi viatu akaacha kiatu cha mtu akaja mbio. Baba yangu hakukosa msiba wa mtu yeyote, kwa hiyo hakuna mtu Kariakoo aliyekuwa tayari kukosa msiba wake.

Kwenye pole ya nne, au ya tano, mama aliniachia mkono. Akasema taratibu, bila hasira, "Turudi, mwanangu. Kuvaa sijachoka. Nimechoka kumzika baba yako kila nikifika kona."

Tulirudi. Watoto walikuwa wanapita na nguo mpya na puto, na mama anatembea ameinamisha kichwa karibu na ukuta ili asijulikane. Mimi nilijiona mjinga wa kutupwa. Mwaka mzima nilikuwa nimebadilisha rangi za nguo, kumbe tatizo lilikuwa njia.

Nikampelekea Mama Kanta habari hiyo, huko Upanga, nikalia kwenye meza yake ya kukatia. Yeye alikuwa amevaa sari yake nyeupe. Miaka yote niliyomjua alivaa nyeupe, tangu mumewe alipofariki, yeye akiwa bado kijana, ndivyo wajane wengi wa Kihindu wa rika lake walivyovaa. Akasubiri nimalize kulia. Akasema, "Nyinyi mmepewa miezi minne na siku kumi, halafu mnaogeshwa. Sisi hatukupewa siku ya mwisho. Mimi nikitoka tu, nguo yangu inasema kila kitu kabla sijafungua mdomo."

"Sasa wewe uliwezaje kutoka?"

"Ulidhani nilikuwa nakupeleka makumbusho kwa ajili yako tu?" Akacheka kidogo, akafuta miwani kwa pindo la sari. "Nilitafuta mahali ambapo watu wanatazama ukuta. Zuhura, acha kumshonea mama yako nguo. Nguo inataka pa kwenda. Mtafutie kwanza pa kwenda."

Wakati huo hapo mjini, upande wa Posta, kulikuwa na nyumba moja ya utamaduni ya watu wa nje iliyokuwa ikiweka maonyesho ya picha za wachoraji wetu. Mama Kanta alikuwa akipita kila picha zinapobadilishwa. Akaniambia nimlete mama siku za katikati ya wiki, si siku ya ufunguzi. Na nyie lishikeni hilo. Siku ya ufunguzi watu huenda kutazamana. Picha wanazipa mgongo, wana glasi mkononi, na ukitaka kuona kitu inabidi umwombe mtu radhi. Nendeni siku ya pili au ya tatu, asubuhi, tumbo likiwa limeshiba.

Kumtoa mama nyumbani nilitumia akili. Nikakodi teksi ije mpaka mlangoni, aingie moja kwa moja, asikutane na mtu. Akili gani! Gari kusimama mlangoni kwa mjane, jirani zetu wote wakatoka. Mama Shabani, muuza vitumbua wa nyumba ya pili, akaja na mwiko mkononi: "Yarabi, mnampeleka hospitali? Pole, Mama Zuhura, pole!" Nikafunga mlango wa gari kwa nguvu, nikamwambia dereva aondoke. Nikatazama nyuma nikaona wamekusanyika. Mama akasema, "Sasa tukirudi nitapewa pole ya ugonjwa pia." Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliongea kwa mzaha. Nilitamani teksi ile isifike haraka.

Tulipoingia kwenye ukumbi mama alisimama ghafla. Kulikuwa kimya. Watu wachache wanatembea polepole, mikono nyuma, wananong'ona. Karibu na mlango meza, juu yake daftari, na mtu ameinama anaandika jina lake. Mama akanishika kiwiko. "Zuhura," akaninong'oneza, "hapa kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Hizo ni picha."

"Mbona watu wamepoa hivi? Na lile daftari la rambirambi?"

"La wageni tu, mama. Unaandika jina ukipenda."

Akatazama huku na huku kama asiyeamini. Mzungu mmoja akapita, akainamisha kichwa kumwamkia, akaendelea na picha yake. Msichana wa ofisini akamwambia, "Shikamoo mama, karibu." Akaitikia marahaba, akangoja. Hakuna kilichofuata. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje. Nikaona mabega yake yanashuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Mama Kanta alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya picha moja kubwa, ametuwekea nafasi. Hawakuwa wakijuana sana. Mama akakaa kando yake. Wala hawakupeana habari ndefu. Walikaa tu, mmoja na buibui jeusi, mwingine na sari nyeupe, wanatazama ukuta.

Ile picha ilikuwa ya mnada wa samaki wa soko la Feri. Wanaume wanagombania kununua, na mmoja katikati, mwenye koti, ameinua samaki anamchungulia machoni. Mama aliitazama mpaka nikadhani amelala. Kisha akaanza kutikisika. Nikainama haraka nikidhani analia. Alikuwa anacheka! Anajiziba mdomo kwa buibui, anacheka.

Akaja kijana mwenye nywele timtim na rangi kwenye kucha, kumbe ndiye mchoraji. "Shikamoo mama. Imekuchekesha picha yangu?"

"Marahaba mwanangu. Huyu wa koti kanichekesha. Mume wangu alikuwa hivi hivi. Alikuwa hajui kununua samaki, lakini huwezi kumwambia. Atamshika, atamtazama machoni kama anamuuliza swali, halafu ananiletea aliyeoza. Kila Ijumaa! Na mimi nampika hivyo hivyo na ndimu nyingi, anasema, unaona, Mwanaidi, nimekuletea samaki."

Kijana akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi nitamwekea na ndimu mkononi," akasema. Alisikia "alikuwa", naamini alisikia, lakini pole hakutoa. Labda hakujua, labda alijua. Sijui yuko wapi siku hizi, lakini popote alipo Mungu amlinde.

Mimi picha nyingine sikuziona siku ile. Nilisimama pembeni namtazama mama. Mwaka na zaidi, kila aliponitajia baba alinitajia kitanda cha hospitali. Siku ile baba yangu alirudi akiwa na koti lake na samaki wake mbovu. Nilimkumbuka akinuka ndimu. Nikaenda chooni kulia, na vitunguu safari hii havikuwepo.

Baada ya hapo Alhamisi zikawa za kutembea. Na nitawaambia kitu cha ajabu. Miaka ile ile ndiyo mitumba iliingia kwa fujo. Kafa Ulaya, tuliiita hivyo. Marobota yanafunguliwa barabarani na wateja wangu wote wameinama juu yake. Wanawake niliowapima tangu wasichana walinipita na gauni la marehemu wa mbali, wanaona aibu kunisalimia. Mafundi wengi walifunga. Mimi nililia, lakini mitumba iliyoninyang'anya wateja ndiyo iliyonipa nafasi ya kutembea na mama. Cherehani ikiwa imenyamaza, nami nafanya nini ndani?

Tukaenda makumbusho, mama akagombana na mlinzi kwa sababu alitaka kushika chungu. "Chungu kisichoshikwa utajuaje kama kizuri?" Mlinzi akamwambia, "Mama, hata mimi sijawahi kukishika." Wakawa marafiki. Tukaenda kwa wachongaji, akakaa nao kwenye vumbi la mpingo wakamkaanga kwa maneno naye akawajibu. Mama Kanta akatualika usiku wa ngoma zao za Navaratri, sikukuu ya Wahindu, wanacheza kwa duara na vijiti, sketi zinafunguka kama miavuli. Kama mtakwenda, vaeni viatu vya kuvulika upesi na soksi isiyotoboka. Na msitazame sketi inapozunguka, kila mtu anatazama hapo. Tazameni anapoacha kuzunguka, kitambaa kinarudi vipi mguuni. Nilijifunza pindo zito usiku ule. Mama yeye hakutazama pindo. Alitikisa kichwa kwa mapigo, akaniambia, "Hawa wanakosea mguu wa kushoto," na mabega yake yakawa yanacheza lelemama ndani ya buibui.

Kwa hiyo mkiniuliza mwende na nani, nendeni na mtu mzima. Si mshonaji mwenzako, mtapimana. Nenda na mtu aliyekaa ndani muda mrefu. Utembee kwa mwendo wake, ukae anapochoka. Hapo utaona vitu. Nguo zilizoniokoa na mitumba nilizitoa kwenye Alhamisi zile: magauni ya wanawake wa makamo, ya kukaa nayo, ya kupanda nayo ngazi, mkono unaopanda vizuri ukitaka kushika nguzo, mfuko wa miwani na leso. Mitumba haikukatwa kwa ajili ya mwili wa mama wa Kariakoo. Wateja walirudi mmoja mmoja, na wa kwanza alikuja kuuliza, "Lile gauni analotembelea mama yako umelishonaje?" Maana nguo za mama zilikuwa zimeshatoka sandukuni zote.

Teksi tuliacha. Mama mwenyewe ndiye alisema tutembee. Nikamshika mkono, nikijua kona zilivyo. Na kweli, kabla ya Mnazi Mmoja mtu akatudaka, mzee wa bandarini aliyekuwa amehamia Kigoma. "Shemeji! Nimesikia habari za Salehe. Pole sana. Ilikuwaje jamani?"

Nikajiandaa kumshika. Mama akasimama vizuri, adabu zake zote, akasema, "Nimeshapoa, shemeji. Na wewe pole, ulikuwa rafiki yake. Hebu niambie, na wewe alikupelekea samaki?"

Yule mzee akakodoa macho. Kisha uso ukamfunguka. "Wallahi alituletea ofisini! Tulikula tukaumwa ofisi nzima!" Wakacheka pale njiani, wakafuta machozi, tukaagana. Tulipovuka barabara nikamuuliza mama kama yuko sawa. Akaniambia, "Nimemwona baba yako leo kwenye macho ya yule mzee. Alikuwa mzima."

Basi. Sasa niwamalizie.

Ilikuwa Alhamisi pia, lakini mimi nilikuwa nimebanwa. Kulikuwa na harusi ya Jumamosi na nguo bado hazijapigwa bitana. Asubuhi nilimwambia mama, leo hatutoki, nisamehe. Akasema haya. Nilishinda kwenye fremu yangu ya kushonea Mtaa wa Narung'ombe, roho inanisuta, nikamfikiria amekaa kitandani kama zamani. Alasiri sikuvumilia. Niliacha kazi nikaenda nyumbani kumtazama.

Nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli.

Mnaelewa? Mimi sikuwa na ufunguo. Nyumba yetu haikuwa na haja ya ufunguo, mama alikuwa ndani siku zote, na Alhamisi tukitoka Mama Shabani alitulindia mlango. Hata hilo kufuli sikujua kama tunalo. Nilisimama nalishika, jipya, linang'aa, limeandikwa Kichina.  Nikaita, "Mama! Mama!" Mama Shabani akatoka na vitumbua vyake, ananitazama kwa huruma.

"Mama yako katoka."

"Kaenda wapi? Na nani?"

"Na yeye mwenyewe. Kasema wamebadilisha picha huko mjini. Kasema ukija ukae barazani umsubiri, usivunje mlango."

Nikakaa. Mwanamke mzima, fundi wa watu, nimefungiwa nje ya nyumba yangu. Watu wanapita, wananiuliza, "Vipi Zuhura, kulikoni?" Najibu, "Mama katoka." Wengine walishangaa kwa nini nalia huku nacheka. Nilikuwa natamani wapite wengi zaidi waniulize tena. Mama katoka. Mama hayupo. Mama kaenda matembezi.

Jua lilipoanza kulegea nikamwona kwa mbali anakuja, katikati ya mtaa, si karibu na ukuta. Mtu akamsimamisha, wakaongea, akacheka, akaendelea. Akafika, akanipa ufunguo kabla ya salamu.

"Mama, umekwenda peke yako?"

"Kwani picha zinauma?" akasema. "Fungua mlango, miguu inaniwaka. Nina mambo ya kukwambia."

Nimeshona miaka mingi, wanangu. Nitajieni harusi yoyote niliyohudhuria, nitawaambia mama mzazi alivaa nini, mikono ilikuwa mirefu au mifupi na bitana ilichungulia wapi. Macho yangu ndivyo yalivyo, hayajui kupumzika. Lakini siku ile mama yangu anakuja peke yake katikati ya Mtaa wa Sikukuu, hata mkinichoma moto siwezi kuwaambia alikuwa amevaa nini.